Kwaresima ya Yuniti Kumi na Saba

Jumanne, 28 Februari 1995. Kilosa

Rejista hii ya mvua ilichapwa vibaya, mistari imepinda, mkuu wa kituo akasema itupwe. Nimeiokoa. Rejista zetu pale kituo cha utafiti wa kilimo, Ilonga, huanza na jina la mpimaji, basi nami naanza hivyo. Mpimaji ni mimi, Domina, miaka ishirini na tisa. Kazi yangu ni kupima mvua, joto na upepo kila siku saa tatu asubuhi. Ugonjwa wangu ni kisukari, kile kinachowakamata watoto, ambacho mwili hautengenezi insulini hata tone. Tangu nina miaka kumi na tano naishi kwa sindano mbili kwa siku.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Wakatoliki wote wa mtaa huu watafunga, nami nitapakwa majivu kisha nirudi nyumbani kulishwa kama mgonjwa wa surua.

Mvua: hakuna. Mawingu upande wa Mamboya.

Jumatano, 1 Machi

Niliporudi kanisani nilikuta uji mezani, mayai mawili na viazi. Mama amekaa kando ananisubiri, naye pia na sahani yake, maana miaka yote hii anakula nami ili nisijione niko peke yangu.

"Mama, mwaka huu nataka kufunga kama watu."

"Kama watu gani? Watu hao wana kongosho."

Neno kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, alilipata hospitali na hajawahi kuliachia. Watu humwita Mama Casmir. Casmir alikuwa kaka yangu. Alikufa mwaka sabini na sita, ana miaka kumi na saba, baada ya wiki tatu za kukojoa na kunywa maji. Walimchoma sindano za malaria. Hakuna aliyepima mkojo wake. Mimi nilipoanza kunywa maji kama yeye, mama alinibeba mgongoni mpaka hospitali akawaambia wauguzi, "Huyu mpimeni mkojo au niwaite polisi." Ndiyo maana niko hai. Kilio cha Casmir hakikwisha, kiligeuka tu: badala ya kulia akawa ananilisha.

Nimekula uji. Nimekula na mayai. Lakini mchana nimemwomba mkuu likizo yangu ya mwaka niigawe Ijumaa kwa Ijumaa. Amekubali.

Alhamisi, 2 Machi. Mikumi

Nimekuja kwa lori la mbao, saa tano njiani kwa sababu ya tope. Daktari Ditram alikuwa mganga wa serikali hadi serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi. Sasa anayo yake kando ya barabara kuu, na friji ya mafuta ya taa. Zamani insulini niliifuata Dar es Salaam. Tangu biashara ifunguliwe inakuja hapa kwa basi, ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

Ana tabia ya kunyamaza mpaka mtu aseme hata alichotaka kuficha. Nikasema. Kwamba nimechoka kuwa yai. Kwamba sijawahi kufunga, sijawahi kuchota maji bila kusindikizwa, na kila mchana saa nane natetemeka kama mwizi hata nikiwa nimekula vizuri.

"Miaka kumi na minne unaambiwa usifunge," akasema. "Nani alipima?"

"Hakuna."

"Basi wamekukataza kwa woga."

"Wewe je, daktari?"

"Mimi pia naogopa. Ndiyo maana nitapima."

Ana mashine ndogo ya kupima sukari, zawadi ya rafiki yake aliyesoma naye, na vijiti vya kutosha kama atakuwa bahili. Masharti yake: tutafunga hapa, mbele yake. Sukari ikishuka chini ya nne, nakula. Ikipanda na asetoni ikionekana kwenye mkojo, nachomwa na mfungo unakwisha. "Na huna ruhusa ya kubishana nami."

Jana jioni mama aliniaga kwa kunipa kanga yake. Mama akinyamaza ni vibaya zaidi.

Ijumaa, 3 Machi. Mikumi

Chakula cha mwisho jana saa moja jioni. Leo asubuhi badala ya yuniti zangu thelathini na sita za insulini nyeupe, ile inayofanya kazi mchana kutwa, daktari amenichoma ishirini na nne. Saa tatu sukari 7.8. Saa sita 5.1. Nikaanza kujisifu.

Saa nane nilikuwa naongea na Loveth, mke wa daktari, habari za bei ya vitenge, mara nikaona midomo yake inacheza lakini maneno hayafiki. Jasho. Mashine: 2.9. Loveth alinishika taya akanimiminia soda kama anayemnywesha ndama.

Nililia. Si kwa njaa. Nilidhani nimeshindwa mfungo wa mtu wa kawaida, saa kumi na tisa tu.

Daktari aliandika kwenye daftari lake, akapuliza wino. "Umenipa jibu zuri sana. Ishirini na nne ni nyingi mno. Na kila siku unachoma thelathini na sita."

Sikuelewa alichomaanisha.

Jumapili, 5 Machi. Kilosa

Mama hakuuliza, nami sikusema. Mvua milimita 11.

Jumanne, 7 Machi

Milimita 23. Nyoka ndani ya kibanda cha vipimo. Fortunatus, mwenzangu wa zamu, alimuua kisha akaomba likizo ya mshtuko.

Alhamisi, 9 Machi

Gulio. Teresia amemletea mama mchele kutoka Tindiga kama kawaida, kila baada ya wiki mbili, na amekuja na binti yake Imani, miaka kumi na mmoja. Ni Wasukuma, walihamia Tindiga na ng'ombe wao miaka sita iliyopita. Mwezi wa kwanza mwaka huu Imani aliingia hospitali na ugonjwa wangu huuhuu. Teresia alitoka na chupa za insulini na karatasi ya maelezo iliyolowa mvua kabla hajafika nyumbani. Mama akamleta kwangu: "Mfundishe." Nikamfundisha jikoni, tukichoma maji ndani ya chungwa. Nikampa kanuni ninayoishi nayo mimi: sindano inakwenda na chakula, asipokula, usimchome, atazimia.

"Shikamoo dada Domina," Imani akasema leo, mashavu yamejaa.

"Marahaba mwanangu. Nani anakuchoma?"

"Mama. Anafumba macho."

"Sifumbi!" Teresia akacheka. "Nafumba moja tu."

Kesho tena Mikumi. Naondoka mchana huu.

Ijumaa, 10 Machi. Mikumi

Siku ndefu. Naandika yote.

Kwa kuogopa ya wiki iliyopita, daktari alinichoma yuniti kumi tu. Saa tatu sukari 9.4. Saa sita 13. Sijatia kitu mdomoni tangu jana jioni ila maji. Saa tisa 17.6, kiu imenirudia ile ya utotoni, na kijiti cha mkojo kimegeuka zambarau. Asetoni. Loveth alinisogelea akasema nanukia rangi ya kucha.

Nikamuuliza daktari kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka: "Sijala. Hii sukari imetoka wapi?"

"Kwenye ini lako. Ini ni ghala, Domina. Mtu asipokula, ghala linafunguliwa ili ubongo upate chochote. Insulini ni mlinzi wa mlango. Mlinzi akiwepo, linatoa kibaba kibaba. Mlinzi akiondoka linamwaga hovyo, na mwili unaanza kuunguza mafuta yake, ndiyo hiyo asetoni, na damu inachacha. Mgonjwa anakufa na sukari tele na tumbo tupu."

Nilimwona Casmir, siku zake za mwisho, hataki chakula, anahema kama aliyekimbia.

"Kwa hiyo hata asiyekula anahitaji sindano."

"Anahitaji kiasi chake. Kidogo, lakini lazima. Asipoipata siku mbili, tatu, basi."

Akanichoma ile insulini angavu inayofanya kazi upesi, akanipa maji na chumvi, na saa moja jioni nikala wali. Nilikuwa nimekwisha kula nusu sahani nilipokumbuka nilichomwambia Teresia. Asipokula, usimchome. Nilisema vile mara tatu, na kwa sauti ya mwalimu.

Nitamweleza gulio lijalo. Imani anakula vizuri, ana mashavu. Wiki mbili si nyingi.

Jumatano, 15 Machi. Kilosa

Milimita 40. Mto Mkondoa umejaa.

Ijumaa, 17 Machi. Mikumi

Yuniti kumi na saba.

Saa tatu 7.2. Saa sita 6.8. Saa tisa 6.5. Saa kumi na mbili jioni 6.1. Saa moja 6.0. Asetoni alama ndogo tu, na daktari amesema hata yeye akifunga ataonyesha hiyo. Saa ishirini na nne kamili bila chakula, na sikutetemeka, sikuona kiu, kichwa kilikuwa cheupe kama asubuhi ya Juni. Nilipiga kelele hadi madereva wa malori kule barabarani wakageuka. Daktari Ditram, mtu asiyecheka, alicheza hatua mbili za dansi kisha akajifanya anatafuta miwani.

Nimefungulia ndizi na maharage aliyopika Loveth. Kabla ya leo sikuwahi kula chakula nilichokitamani. Siku zote nimekula chakula nilichoamriwa.

Jumamosi, 18 Machi. Mikumi

Asubuhi daktari ameweka namba za Ijumaa zote tatu mbele yangu.

"Mwili wako bila chakula unataka kumi na saba. Wewe unachoma thelathini na sita kila asubuhi. Hizo kumi na tisa zinafanya nini?"

Nikahesabu milo yangu. Uji wa saa moja, viazi vya saa nne, wali wa saa saba, mkate wa saa kumi, na bado saa nane natetemeka.

"Ninalisha sindano," nikasema. "Miaka yote hii sijawahi kulisha tumbo langu. Nimekuwa nikilisha sindano."

Amebadilisha mpango wote. Nyeupe kumi na saba asubuhi, ya jioni nayo ipunguzwe. Angavu kidogo kabla ya mlo, kwa kadiri ya mlo wenyewe. Nikitaka kula saa tisa, nile saa tisa. Amesema huenda isingegundulika kamwe kama nisingeacha kula siku moja tukaona kilichobaki chini.

Jumatano, 22 Machi. Kilosa

Siku ya nne bila kutetemeka saa nane. Nimepanda mnara wa kupimia upepo mwenyewe. Milimita 18.

Alhamisi, 23 Machi

Gulio limelowa, watu wachache. Teresia hakuja. Barabara ya Tindiga haipitiki, wanasema. Nimetuma salamu kwa muuza dagaa, lakini alinisikiliza huku anahesabu mafungu yake, sijui kama itafika.

Ijumaa, 24 Machi

Nimefunga nyumbani. Daktari ameniazima mashine. Mama alikaa mbele yangu tangu asubuhi ameshika chupa ya soda imefunguliwa, tayari. Alikwenda nayo chooni. Jioni gesi ilikuwa imeisha yote na sukari yangu ni 6.4.

"Hebu nione," akasema. Akaigeuza mashine huku na huku, hajui zile namba zina maana gani. "Hii ni nzuri?"

"Ni kama yako, mama."

Akainywa ile soda, tamu tupu, mpaka mwisho.

Ijumaa, 31 Machi

Nimefunga. Mama alilala mchana! Milimita 52.

Alhamisi, 6 Aprili

Teresia hakuja tena. Mara ya pili. Nilimtafuta kila mtu wa Tindiga pale sokoni, na mwisho Filomena, muuza vyungu, akaniambia: "Teresia yuko kambini kwa Mwinjilisti Anselmi. Wanafunga siku tatu, wanamwombea yule mtoto apone moja kwa moja. Walianza Jumanne jioni."

"Na mtoto anafunga?"

"Ndiye mwenye haja, mama. Atafunga nani?"

Saa kumi jioni, mvua imeshika, hakuna kinachokwenda Tindiga. Nimemlilia mkuu: trekta la kituo litapeleka mbegu kesho alfajiri, litanibeba hadi litakapokwama. Kwa kanuni yangu, yule mtoto hajachomwa tangu Jumanne. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimeandika haya Jumamosi, hospitali, kwenye benchi. Jana sikushika kalamu.

Ilikuwa Ijumaa yangu ya kufunga na nilikuwa sijala tangu Alhamisi jioni. Alfajiri nilipima sukari: 6.6. Ningeweza kuendelea. Nikamwambia mama, "Nipe uji." Akanitazama kama aliyesikia vibaya. "Leo natembea kwenye tope na maisha ya mtoto wa watu. Leo si siku ya kufunga." Nikala bakuli mbili, naye akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Ile harufu naijua kuliko daktari wako," akasema.

Trekta lilikwama kabla ya mto. Tukatembea saa mbili, maji magotini, mama mbele na fimbo. Miaka yote nilidhani mama yangu ni mwoga. Jana nilimwona akivuka mto wenye mkondo, viatu mdomoni, bila kugeuka nyuma.

Kambi ni banda la makuti na turubai, karibu na boma la kina Teresia. Watu kama arobaini wanaimba. Imani alikuwa kwenye mkeka katikati. Anahema kwa nguvu, ndefu, ndefu, kama anayechimba. Midomo imepasuka. Mama aliinama akamnusa, akanyooka, na uso wake ulikuwa wa mwaka sabini na sita.

"Ni yenyewe," akasema.

Teresia alinikimbilia kwa furaha. Kwa furaha! "Dada Domina, umekuja kutuombea! Hajala tangu Jumanne jioni, nami nimeshika ulivyonifundisha. Hajala, sijamchoma hata mara moja."

Sitaisahau sauti yake maisha yangu yote. Nikamshika mikono yote miwili. "Dada Teresia, nilikufundisha vibaya. Sikujua. Asiyekula naye anahitaji sindano, ndogo, lakini lazima. Kosa ni langu. Tumchome sasa hivi, kisha hospitali."

Mwinjilisti Anselmi alikuja, kijana wa miaka thelathini na kitu, macho yamemwingia ndani kwa kufunga. Nilijiandaa kumchukia.

"Dada, hapa tumefika siku ya tatu. Imani yako ikitetereka, iache yetu isimame."

"Mwinjilisti, mimi nami nafunga. Kwaresima hii nimemaliza Ijumaa tatu. Nimefunga saa ishirini na nne bila chakula, na kila mara nimechoma sindano asubuhi kwanza. Mfungo haukuvunjika. Mungu hakuniambia niache insulini. Alikuambia wewe?"

Kuimba kulikuwa kumekoma.

"Ukimchoma akafa?"

"Nikiacha atakufa. Msikilize anavyohema. Kaka yangu alihema hivyo, mama huyu hapa alimzika."

Alimtazama mama. Mama alikuwa amepiga magoti anamlowesha Imani midomo kwa maji ya chumvi, kijiko baada ya kijiko. Mwinjilisti akavua koti lake akamfunika mtoto miguu.

"Mchomeni," akasema. "Jovin! Funga ng'ombe!"

Jovin ni baba yake Imani. Hakuna gari lingepita pale, lakini ng'ombe wake wa kulimia wanne walivuta mkokoteni kwenye tope lile kama wako barabarani. Nilimchoma Imani insulini yangu angavu, kidogo. Mtoni mwinjilisti alitangulia majini hadi kifuani, mtu aliyefunga siku tatu, anapima kina kwa miguu na kumwita Jovin: "Huku! Kulia! Huku!" Nikaona aibu kwa yale niliyopanga kumwambia.

Katikati ya safari nilipima sukari yangu: 4.3. Teresia alikuwa na kibuyu cha maziwa mgando. Nilikunywa nusu yake bila kujiuliza.

Tulifika hospitali ya Kilosa saa tisa alasiri. Muuguzi wa zamu, Regina, alimnusa mara moja tu akakimbilia dripu.

Jumamosi, 8 Aprili

Bado anahema. Anafungua macho akiitwa. Teresia hajaniambia neno tangu jana, ameshika mguu wa mwanawe tu.

Jumapili, 9 Aprili. Matawi

Saa nne asubuhi Imani amesema, "Mama, njaa."

Wodi nzima ililia. Mama alikwenda nje, nikasikia akipiga vigelegele peke yake uani, vya harusi, miaka kumi na tisa hajapiga.

Teresia akanijia. Nikasimama, nikasema nisamehe. Akasema, "Mwalimu anayerudi kwenye mafuriko kufuta ubao wake, nimpate wapi mwingine? Keti. Nifundishe upya."

Nikamfundisha upya, na Regina anasikiliza, na mwanamke mgonjwa wa kitanda cha pili.

Jumatano, 12 Aprili

Daktari Ditram ametuma barua kwa basi. Ameshaandika ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, nini cha kufanya mgonjwa wa kisukari asipokula: kwa mfungo, kwa malaria, kwa njaa ya kiangazi. Anataka niusome nirekebishe Kiswahili chake. Chini ameandika: "Vipimo vimechukuliwa na D., mpimaji." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko mingine yote.

Milimita 9.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Yuniti kumi na saba asubuhi. Tangu jana saa moja jioni hadi leo saa moja jioni, maji tu. Nilisimama ibada yote ya Msalaba, muda wa saa tatu, pembeni mwa mama, naye safari hii hakuleta kitu kwenye mkoba. Alifunga nami. Amesema ni mara yake ya kwanza kufunga Ijumaa Kuu tangu niugue, na kwamba magoti yanamuuma lakini moyo uko mahali pake.

6.2.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Pilau. Nimechoma kwa kadiri ya pilau. Sahani mbili!

Jumapili, 23 Aprili. Tindiga

Mto umeshuka. Imani alitoka hospitali Alhamisi, na Mwinjilisti Anselmi ametuma watu wawili kutuita, mama na mimi, Wakatoliki, tusimame mbele ya ushirika wake. Mama alivaa gauni la Krismasi.

Mwinjilisti hakuhubiri leo. Alisema, "Nilifikiri kumwamini Mungu ni kuacha dawa. Nilikosea mbele yenu, basi nasahihisha mbele yenu." Akakaa chini kwenye mkeka pamoja na watoto.

Niliwaeleza habari za ghala na mlinzi. Wakulima hawa wa mpunga walielewa kuliko nilivyoelewa mimi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe hata ghala la akiba lina ufunguo wake," wengine wakaitikia.

Kisha Imani akasimama. Hatukupanga. Alimnyang'anya mama yake bomba la sindano, akalivuta yeye mwenyewe hadi mstari wake, akaligongagonga kwa kidole kutoa povu, akainua pindo la gauni akachoma paja. Banda zima lilivuta pumzi. Teresia hakufumba hata jicho moja.

"Hata hainiumi," Imani akasema, akijifuta. "Nani anataka kuuliza?"

Kisha nyuma kabisa akasimama mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, nguo zimemlegea mabegani. Alijitaja kwa jina la Yudith.

"Langu si swali," akasema. "Mimi tangu mavuno yaliyopita nakunywa ndoo ya maji kwa siku na naisha kama mshumaa. Nilidhani nimerogwa."

Watu wakageuka kunitazama. Mama alikwisha simama, anampisha nafasi kwenye mkeka. Vijiti vya mkojo vilikuwa kwenye mkoba wangu.

"Njoo ukae hapa kwetu, dada Yudith," nikamwambia. "Tutapima."